Je, wajua kwa nini maji matupu huweza kukosa nafasi ya chombo kimoja zaidi?

Ukisimama juu ya Daraja la Nyali mjini Mombasa ukatazama hori la Tudor, mkono wa bahari ulioingia bara, utaona maji mengi na vyombo vichache. Asiyewahi kutia nanga atasema nafasi ipo tele. Akiambiwa haipo, atasema basi watu wapya wasishawishiwe kuingia baharini, maana vyombo vyao vitafungwa wapi? Rai zote mbili zina kosa moja: kudhani chombo cha mita 8 huchukua mita 8 za maji.

Chombo kilichotia nanga ni kama mbuzi aliyefungwa kigingini: nafasi yake ni duara zima ambalo kamba inafika. Na kamba hiyo lazima iwe ndefu. Nanga haishiki kwa uzito wake peke yake. Hushika kwa kuvutwa ikiwa imelala, makucha yakizama topeni. Mvuto ukielekea juu, hung'oka.

Tufanye hesabu. Kina maji yakipwa kabisa kiwe mita 5. Bamvua, yaani maji makuu, ya Mombasa hupandisha maji zaidi ya mita 3, kwa hiyo tuweke 3.5. Omo, yaani mbele ya chombo, iko mita 1 juu ya maji. Jumla ni mita 9.5. Amari, yaani kifungo cha nanga, ikiwa ya mnyororo huhitaji walau mara nne ya kimo hicho, yaani kama mita 40, na ya kamba mara saba. Maji yakipwa, mnyororo huo hukifikisha chombo karibu mita 39 kutoka nangani. Ongeza urefu wa chombo, upate mita 47. Duara lenye nusu kipenyo hicho lina takriban mita za mraba 7,000, nalo ni la chombo kimoja tu.

Je, maduara hayawezi kupandana, ikiwa vyombo vyote vinageuka pamoja? Wakati mwingine huweza, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Mkondo wa horini hugeuka karibu kila saa sita. Chombo chenye mkuku mrefu, yaani uti wa chini, hufuata mkondo, lakini boti nyepesi yenye kibanda kirefu hufuata upepo. Kusi, upepo wa kusini, ikivuma kukatisha mkondo, jirani wawili waliolala vizuri mchana kutwa hugongana usiku maji yanapogeuka.

Boya la kudumu, lililofungwa kwenye jiwe zito chini ya maji, hubana duara hilo. Mnyororo wa mita 13 kutoka kwenye jiwe la zege, mahali pale pale, pamoja na kamba ya mita 3 ya kufungia omo, hutoa nusu kipenyo cha mita 23 hivi. Ni kama mita za mraba 1,660, kwa hiyo vyombo vinne hutosha mahali pa kimoja. Lakini zege likiwa majini hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake: la kilo 500 hubaki na kilo 290 hivi. Likizama kwenye tope hushika zaidi, na juu ya mwamba laini huweza kuburuzika. Ukifunga omo na tezi, yaani mbele na nyuma, kwa maboya mawili, chombo hakizunguki kabisa, na vingi zaidi hukaa kwa safu. Shida ni upepo wa ubavuni, ambao hutia nguvu kubwa kwenye kamba zote mbili.

Kwingine hapafai hata kwa hesabu hii. Kilindini ni njia ya meli, Likoni hupita feri, na mbele ya mikoko maji hukauka.

Pamoja na hayo, watu wapya wakaribishwe, tena kwa moyo mkunjufu. Uhaba wa maboya ni uhaba wa maduara ya vyombo vinavyolala majini, na anayeanza hahitaji chombo cha namna hiyo. Ngalawa yenye mirengu, yaani mbao za kuisawazisha, pande zote mbili hulala mchangani. Mashua ndogo huweza kuachwa ipwelewe, yaani ibaki nchi kavu maji yakitoka, ikitiwa magadi, yaani miti ya kuiegemeza, ubavuni isilale upande. Wala hakuna haja ya kila mmoja kununua: wanne wakishirikiana chombo kimoja, boya ni moja, na mikono ya kutweka tanga na kukumba maji inapatikana.

Anayelaza chombo pwani ajue kalenda ya mwezi. Bamvua hufika siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Ukikipandisha chombo kizito kwenye kilele cha bamvua, maji ya siku zinazofuata hayatakifikia, na maji mafu, yale yasiyojaa sana, yatakukuta ukingali unangoja. Utasubiri karibu wiki mbili. Kilaze chini kidogo, pale maji mafu yanapofika, na nanga ifukiwe upande wa baharini ili uweze kukivuta.

Na anayerithi boya la mtu amlipe mzamiaji alikague kabla ya kusi kuanza, mwezi Aprili. Mnyororo hulika haraka zaidi pale unapoinuka na kugusa sakafu kila maji yanapojaa na kupwa, si kwenye boya, ambako ndiko wengi hutazama. Misumari ya viungo vya chuma ifungwe kwa waya isijifungue, na kamba inapopita omoni ivalishwe mpira wa bomba.