Kufuta msimbo unaosubiri kerneli ife

Huku Uyole ukungu wa Juni hauondoki kabla ya saa nne asubuhi, na wiki nzima hii nimeanza siku na sehemu ya kerneli (kile kiini cha mfumo endeshi kinachosimamia mashine nzima) ambayo ofisini kwetu hakuna aliyetaka kuigusa. Kazi yake ni moja: kerneli ikianguka, inakili yaliyomo kwenye memori ili baadaye tujue kilichoiua. Nakala hiyo ndiyo dampu.

Woga wa wenzangu naukubali. Msimbo huu hauguswi na matumizi ya kila siku. Ukiuharibu leo, utagundua mwakani, siku seva imezimika na haikuacha hata alama.

Lakini kerneli yetu, Linux yenye viraka, yaani marekebisho ya msimbo, vyetu wenyewe, ilikuwa bado na njia ya kale: kuandika dampu diskini kwa kutumia draiva (programu zinazoendesha vifaa) za kerneli ileile inayokata roho. Prosesa moja inaweza kusimamishwa ikiwa imeshika kufuli la draiva ya diski, lile linaloruhusu mmoja tu kuitumia kwa wakati mmoja, na anayetaka kuandika atalingoja bila mwisho. Kuomba memori mpya nako ni kubahatisha, maana pengine orodha za memori ndizo zilizoharibika. Linux ilipopokea kdump, njia mpya ya kutoa dampu, mwaka 2005, katika toleo la 2.6.13, iliacha kuutegemea mwili wa mgonjwa. Sehemu ya memori hutengwa tangu mashine inapowaka, kwa kigezo cha kuwashia `crashkernel=`, na kerneli ya pili hupakiwa humo. Ya kwanza ikifa, ya pili huwaka na kusoma memori ya marehemu kupitia faili `/proc/vmcore`. Kwangu mimi huo ni uhandisi wa heshima.

Kwa hiyo nimefuta njia ya kale yote. Kilichonichelewesha ni kipande kidogo kinachohifadhi rejista (vihifadhi vidogo vya ndani) za kila prosesa: njia zote mbili, ya kale na kdump, zilikitegemea, ikabidi kwanza nikihamishe.

Binti aliyejiunga nasi majuzi akaniuliza, “Kaka, tutajuaje kama bado inafanya kazi?”

Tukaiua. `echo c > /proc/sysrq-trigger`, amri ya kuiangusha kerneli makusudi, mashine ikiwa imetulia. Kisha diski ikiwa na shughuli nyingi. Kisha memori ikiwa karibu kujaa. Mara moja dampu haikutoka: memori tuliyotenga ilikuwa ndogo, kerneli ya pili ikaishiwa kabla ya kumaliza kuwaka. Tumeiongeza, na kesho asubuhi tunaanza upya kuiua.