Akaunti Tunazozifuata na Taarifa Zinazotufikia

Mtu anapobonyeza kitufe cha kufuata akaunti katika mtandao wa kijamii, huamini kwamba tangu siku hiyo kila kitakachoandikwa na akaunti ile kitamfikia. Imani hiyo si sahihi, na kwa baadhi ya taarifa ni ya hatari. Kufuata ni kuujulisha mtandao kwamba akaunti hiyo inakuvutia. Uamuzi wa kukuonyesha chapisho lake, leo, kesho au kamwe, hufanywa na programu inayopanga ukurasa wako.

Katika mafunzo niliyowahi kuendesha kwa wavuvi, mzee mmoja alinikabidhi simu yake ili tuitafute taarifa ya hali ya hewa. Tuliteremsha ukurasa wake taratibu: mabao ya mpira, mapishi ya pilau, mahubiri, muuza viatu ambaye mzee hakuwa anamfuata wala kumfahamu, kisha mabao tena. Tulipita machapisho zaidi ya 20 bila kukutana na mamlaka ya hali ya hewa hata mara moja. Tulipoifungua akaunti ya mamlaka yenyewe, angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa lilikuwapo, limewekwa siku mbili kabla. Mzee akaniuliza, “Mwalimu, mbona hawa mimi nawafuata?”

Jibu linaanzia kwenye wingi. Mwaka 2013 Facebook ilieleza kwamba kila mtumiaji anapofungua ukurasa wake, kwa wastani yapo machapisho 1,500 yanayoweza kuonyeshwa, na hakuna mwenye muda wala bando la kuyasoma yote. Instagram nayo ilisema mwaka 2016 kwamba watu walikuwa wakikosa wastani wa asilimia 70 ya machapisho yaliyowahusu, na hapo bado yalipangwa kwa mfuatano wa muda. Kwa hiyo pengo lilikuwapo kabla mashine haijaanza kutuchagulia, kwa sababu kufuata ni kazi ya sekunde moja, na kusoma hudai muda ambao hatunao.

Mashine imelibadilisha pengo hilo kwa namna inayonitia wasiwasi zaidi. Hupanga machapisho kwa kuangalia tulichokipenda, tulichokitolea maoni na mahali tulipokawia kutazama. Na ni nani huweka alama ya moyo kwenye angalizo la upepo? Taarifa kavu yenye manufaa hushindwa na video ya kuchekesha, na nafasi iliyobaki hugawiwa wageni. Mtandao wa Twitter, ambao sasa ni X, ulipoweka wazi sehemu ya programu yake Machi 2023, ulieleza kwamba kwa wastani nusu ya yanayoonyeshwa katika ukurasa wa mapendekezo hutoka kwa akaunti ambazo mtumiaji hazifuati.

Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, taarifa zake zilihuishwa mara kwa mara, na katika hali kama hiyo taarifa ya juzi inaweza kumpotosha mvuvi kuliko kukosa taarifa kabisa. Ndiyo maana nawasihi wenzangu wa vitengo vya habari tusihesabu wafuasi tukadhani tumehesabu wasomaji. Redio za jamii, mbao za matangazo kwenye mialo na simu kwa viongozi wa vikundi vya wavuvi bado ni za lazima.

Kwa msomaji, chagua akaunti chache ambazo kuzikosa kunaweza kukugharimu maisha, mali au haki yako, kisha uwashe alama ya kengele kwenye kila moja ili chapisho jipya likuletee arifa. Mitandao kadhaa pia ina sehemu inayoonyesha akaunti unazozifuata pekee, mapya yakitangulia, itumie. Kabla ya safari, ingia moja kwa moja kwenye akaunti husika na usome tarehe na saa ya taarifa.

Kwenye simu ya mzee tuliwasha kengele moja tu, kisha akanitaka nimwonyeshe tena, hatua kwa hatua, ili akamwashie na nahodha wake.