Nesi, rubani na dawa namba 9: dhana potofu kuhusu madaktari wa ndege wa Australia

Propela haijasimama, mlango umeshafunguliwa. Daktari anaruka chini na begi lake, vumbi jekundu linampanda mpaka magotini, na kabla kipindi hakijaisha mgonjwa anatabasamu, rubani kapata mchumba na mji mzima umehamia baa. Aliyewahi kuangalia The Flying Doctors anaijua picha hiyo. Ni tamthilia ya Australia iliyoanza mwaka 1985 kwa vipindi vichache tu, ikapendwa, ikaendelea kwa zaidi ya vipindi 200 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mimi nimo katika kundi la walioimaliza yote, na ukiniwekea cha kwanza leo nitaanza upya bila aibu.

Ila tamthilia tamu hufundisha, utake usitake. Nimeshabishana na watu wazima wanaoieleza huduma yenyewe ya kupeleka matibabu nyikani kwa ndege, Royal Flying Doctor Service, kwa mifano ya Dk. Tom Callaghan wa kwenye runinga. Basi hata la propela tulimalize hapa hapa: hakuna mhudumu mwenye akili zake anayeshuka wakati propela inazunguka. Mara moja tu, na rubani asingempakia tena.

"Coopers Crossing? Nitafika siku moja"

Utafika Minyip. Coopers Crossing, mji wa kwenye tamthilia, ni jina la kutungwa, na picha nyingi za nje zilipigwa Minyip, mji mdogo wa wakulima wa ngano jimboni Victoria, safari ya saa chache kwa gari kutoka Melbourne. Yaani hao madaktari wa nyikani walikuwa wakiigiza mahali ambapo ukivunjika mguu, gari la wagonjwa linakufuata kwa barabara ya lami. Tamthilia mpya zaidi, RFDS (kifupi cha jina la huduma hiyo) ya mwaka 2021, ilikwenda Broken Hill, ambako kituo cha ndege hizo kipo kweli. Tofauti unaiona hata kwenye rangi ya udongo.

"Ndege ikija, daktari yumo"

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, na lawama naipeleka kwenye jina lenyewe. Daktari wa ndege! Nani atatarajia kumwona mtu mwingine?

Safari nyingi za kubeba wagonjwa huwa na wahudumu wawili tu, rubani mmoja na nesi mmoja. Daktari huongezwa hali inapokuwa nzito, lakini mara nyingi yuko kituoni, kwenye simu, akimsikiliza huyo nesi anamwambia nini. Na nesi huyo si wa kubeba trei. Kwa kawaida anatakiwa awe na uzoefu wa wagonjwa mahututi na wa dharura, na juu ya hayo awe mkunga, kwa sababu huko juu hakuna wa kumwita kutoka wodi ya pili. Mama mjamzito mwenye uchungu wa mapema, mchimba madini aliyebanwa kifua, mtoto mwenye degedege: wote wanamkuta yeye, peke yake, kwenye chumba ambacho hawezi kusimama wima sawasawa. Haki itendeke, tamthilia ilimpa nesi Kate Wellings nafasi kubwa. Lakini ilimwandikia mapenzi mengi kuliko kazi.

Tena si kila safari ni ya kufa na kupona. Sehemu kubwa ya ratiba ni mambo ambayo hakuna mtunzi angeyaandikia kipindi: kliniki za kawaida katika jamii za mbali, chanjo, kisukari, shinikizo la damu, meno, afya ya akili, na kuhamisha wagonjwa kutoka hospitali ndogo kwenda kubwa. Halafu kuna ushauri kwa simu, ambao hauhitaji ndege hata kidogo. Anayesubiri mlipuko wa mgodi kila wiki atasinzia.

"Wanapasua watu hewani"

Kwenye runinga, ndege ikipaa ndipo kisu kinapotoka. Kwa hali halisi ni kinyume. Kazi kubwa hufanyika ardhini, wakati mwingine kwa muda mrefu, mpaka mgonjwa atulie kiasi cha kuhimili safari. Sababu zinaeleweka ukijiweka ndani ya hiyo ndege. Injini zinanguruma, kwa hiyo stethoskopu haina faida; mapigo na pumzi husomwa kwenye mashine. Mwanga ni haba, nafasi ni finyu, na wingu moja tu laweza kutikisa mkono wenye sindano.

Kuna na jambo lisiloonekana kabisa, ambalo ni hewa. Ndege inapopanda, shinikizo la hewa ndani ya chumba hushuka, na hewa yoyote iliyonaswa mwilini hutanuka. Shinikizo la chumba likifanana na la kimo cha futi 8,000, hewa iliyonaswa inakuwa imetanuka kwa karibu theluthi moja. Kwako wewe abiria mzima, ni masikio kuziba. Kwa mtu aliyeanguka farasi, mbavu zikachoma pafu na hewa ikavujia kifuani, theluthi hiyo inaweza kumkaba. Ndiyo maana kifua cha namna hiyo hutobolewa na kuwekwa mrija kabla ya kuruka. Na ndiyo maana wakati mwingine daktari humwomba rubani aweke shinikizo la chumba sawa na la usawa wa bahari, jambo linalomlazimu kuruka chini zaidi, polepole zaidi, akichoma mafuta mengi zaidi. Mazungumzo ya watu wawili kuhusu mafuta na pafu la mtu wa tatu. Mimi ningekiangalia kipindi hicho mara mbili.

"Daktari ndiye anayeendesha"

Hapana. Ni kazi mbili na watu wawili, tangu siku ya kwanza. Mwaka 1928, huduma ilipoanza, daktari alikuwa Kenyon St Vincent Welch na rubani Arthur Affleck. Aliyeichanganya dhana hii ni Clyde Fenton, daktari wa serikali aliyefika Katherine, Northern Territory, mwaka 1934, akawa anajirusha mwenyewe kwenye kindege cha viti wazi. Alianguka nacho zaidi ya mara moja, na alipona. Fenton ni mtu wa kusimuliwa, si wa kuigwa.

"Ilipopatikana ndege, tatizo likaisha"

Hapa naomba tukae kidogo. Mwaka 1917, huko Kimberley, Australia Magharibi, ng'ombe walikurupuka wakamwangusha kijana mchunga ng'ombe, Jimmy Darcy. Wenzake walimpakia kwenye mkokoteni, wakamsafirisha kama nusu siku mpaka Halls Creek. Hospitali hakuna, daktari hakuna. Aliyekuwepo ni Fred Tuckett, mkuu wa posta, aliyewahi kujifunza huduma ya kwanza. Tuckett alikaa kwenye mtambo wa simu ya maandishi, akamtafuta daktari Perth, zaidi ya kilomita 2,000 kusini. Jibu likaja kwa nukta na vistari: kibofu kimepasuka, mpasue. Akampasua, kwa kisu cha mfukoni, bila dawa ya usingizi, akipokea maelekezo neno kwa neno. Daktari mwenyewe akaanza safari: meli ya ng'ombe mpaka Derby, kisha gari lililokuwa likiharibika, kisha mkokoteni wa farasi, na mwisho miguu. Siku zaidi ya 10. Alipofika Halls Creek, Darcy alikuwa amefariki siku moja kabla.

Magazeti yaliifuata habari hiyo nchi nzima, na John Flynn alijua maana yake. Flynn, ambaye wengi hudhani alikuwa daktari, alikuwa mchungaji wa kanisa la Presbiteri, msimamizi wa misheni ya nyikani tangu 1912. Mwaka huo huo wa 1917, Clifford Peel, mwanafunzi wa udaktari aliyejiunga na jeshi la anga, alimwandikia barua akimpigia hesabu namna ndege zingeweza kutoa huduma nyikani. Peel aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1918, kabla hajaona lolote. Ilichukua miaka 10 kupata fedha na ndege. Tarehe 17 Mei 1928 ndege ya kwanza, DH.50 iliyokodiwa kwa Qantas na kuitwa Victory, iliruka kutoka Cloncurry kwenda Julia Creek, Queensland. Mwaka huo wa kwanza safari zilikuwa 50, wagonjwa 225.

Lakini rudia kisa cha Darcy uone. Hata ndege ingekuwepo, ingeitwa na nani? Halls Creek ilikuwa na waya wa simu. Ranchi nyingi hazikuwa na chochote. Ndege bila sauti ya kuiita ni chuma kilichoegeshwa.

Aliyelitatua hilo ni Alfred Traeger, fundi wa Adelaide. Betri zilikuwa nzito na ghali, na jenereta ya kuzungusha kwa mkono ilimwacha mtu bila mkono wa kutuma ujumbe. Traeger akachukua pedeli za baiskeli. Mtu anakaa kitini, miguu inakanyaga kuzalisha umeme, mikono imebaki huru kwa alama za Morse, zile nukta na vistari. Mwaka 1929 redio hizo zikaanza kufungwa kwenye ranchi. Mara nyingi aliyekaa mbele yake ni mama mwenye nyumba, aliyelazimika kujifunza Morse huku mtoto amelala na homa chumba cha pili. Baadaye Traeger akatengeneza kibao chenye herufi kama taipureta, ukibonyeza A kinatuma A, na miaka ya 1930 haijaisha watu walikuwa wakizungumza kwa sauti.

Sauti hiyo, kumbuka, ilikuwa hewani kwa wote. Ukimweleza daktari habari za tumbo lako, kila ranchi yenye redio katika eneo zima iliweza kukusikia. Siri ya mgonjwa ilikuwa ni heshima ya majirani tu, na nyie mnawajua majirani.

"Ni ya serikali, na ni ya wenye ranchi"

Si shirika la serikali. Ni taasisi isiyo ya faida, inayobebwa na fedha za serikali pamoja na michango ya watu, na mgonjwa anayebebwa kwa dharura hatolewi bili mlangoni. Hilo la pili lina chembe ya ukweli wa zamani isiyopendeza: misheni ya Flynn ililaumiwa, tena na watu wa wakati wake, kwa kuwafikiria walowezi weupe na kuwasahau Waaborijini, wenyeji asilia wa Australia. Leo jamii za Waaborijini ni miongoni mwa zinazohudumiwa sana. Ukiangalia Coopers Crossing ya miaka ya 1980, nyuso hizo ni za kutafuta kwa tochi.

Na kwa wasomaji wa kwetu: AMREF, shirika la afya la Nairobi lenye madaktari wake wa ndege, si tawi la hawa. Ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees. Kilichofanana ni wazo.

"Wenyeji kazi yao ni kusubiri"

Tangu miaka ya 1940 ranchi na vituo vya mbali hupewa sanduku la dawa, kila dawa na namba yake, na baadaye ukaongezwa mchoro wa mwili uliogawanywa kwa namba. Daktari anauliza: panapouma ni namba ngapi? Mgonjwa anajibu. Daktari anasema: mpe namba fulani, viwili, asubuhi na jioni. Hakuna jina la Kilatini la kukosewa. Kuna kichekesho cha zamani kuhusu mtu aliyeambiwa atoe namba 9, akakuta imekwisha, akatoa namba 5 na namba 4.

Kisha kuna kiwanja. Runinga inapenda ndege itue popote, na kweli kwenye barabara kuu ya Eyre, uwanda wa Nullarbor, kuna vipande vya lami vilivyochorwa alama za kutulia ndege, na magari husimamishwa. Lakini ranchini kiwanja ni cha mwenye ranchi. Yeye ndiye anayeng'oa vichaka, anayefukia mashimo ya mvua, anayepiga simu kusema udongo umekauka au bado. Kabla ndege haijafika anapita na gari kwa kasi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Gari likirukaruka, ndege nayo itarukaruka. Anawafukuza kangaruu, anarudi, anakuta wamerudi.

Usiku ni taa. Wasio na taa za umeme wametumia kwa miaka mingi makopo matupu: ndani ya kopo karatasi ya chooni nzima nzima, iliyolowekwa mafuta ya taa au dizeli, kisha kiberiti. Unayapanga mistari miwili, hatua kwa hatua, gizani, huku mwenzako amebaki ndani akimshika mgonjwa mkono na simu ikiwa sikioni. Ukimaliza kuwasha la mwisho, la kwanza linataka kuzimika. Unarudi mbio. Ndipo juu kaskazini unasikia injini, na kamera, kama kawaida yake, inageukia mlango wa ndege.