Alama za Matairi Zisije Zikageuka Barabara

Ukitoka mji wa Boise, Idaho, kuelekea kusini-magharibi, nyumba hukwisha mapema. Kinachobaki ni vichaka vikavu, miamba na makorongo ya mto Owyhee. Wengi hudhani nchi ile haina mwenyewe. Inaye: ni mali ya umma, na sehemu yake kubwa iko mikononi mwa BLM (Bureau of Land Management), idara ya serikali ya Marekani inayosimamia ekari zipatazo milioni 245.

Ndani ya ardhi hiyo kuna vipande ninavyopenda kuviita mapori ya kusubiri. Sheria ya mwaka 1976 iliiagiza BLM itafute sehemu zisizo na barabara, zenye ekari 5,000 au zaidi na ambazo bado ziko katika hali ya asili, kisha mapendekezo yapelekwe kwa Rais katika muda wa miaka 15. Lakini mwenye neno la mwisho ni Bunge la Marekani. Upande wa Idaho wa Owyhee, Bunge lilitoa jibu mwaka 2009: mapori mengine yakapewa hifadhi ya kudumu, mengine yakaondolewa kwenye orodha ya kusubiri. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Oregon, kuna yanayosubiri mpaka leo. Na yanaposubiri, ni lazima yatunzwe yasipoteze sifa zilizoyafanya yateuliwe.

Hapo ndipo tairi linapoleta shida. Kwa BLM, barabara ni ile iliyotengenezwa na kutunzwa kwa mashine. Njia iliyochorwa na magari kupitapita si barabara, hata iwe ya miaka 50. Sasa dereva mmoja akikwepa tope na kuingia kichakani, wa pili hufuata alama zake, na wa kumi huapa kwamba njia imekuwapo siku zote. Tena udongo wa kule umefunikwa na ukoko ulio hai, wa bakteria, mwani na kuvu, unaozuia vumbi lisipeperuke. Ukishavunjwa, kurudi kwake ni kazi ya miaka mingi, pengine makumi ya miaka.

Maafisa ni wachache na nchi ni pana, ndiyo maana watu wa kujitolea wanahitajika kuyakagua mapori haya. Wasemaji wa Kiswahili wapo Boise, hasa waliotoka Kongo, na kazi hii haihitaji shahada. Inahitaji ramani, simu yenye GPS, maji ya kutosha, na subira. Unakwenda mahali palepale kila safari, unasimama palepale, unapiga picha ukielekea upande uleule, unaandika tarehe na mahali. Tazama alama za magari zilizopita kibao cha katazo, mafiga mapya ya moto, uzio uliokatwa. Ukikuta ng'ombe usishtuke. Malisho yaliyokuwapo mwaka 1976 yanaruhusiwa kuendelea. Ukimkuta mtu anavunja sheria, usimfokee wala usimfukuzie. Wewe si askari. Andika ulichokiona, si unachokidhania, kisha uipeleke taarifa ofisi ya BLM ya eneo hilo.

Taarifa inayosema "hakuna kilichobadilika" wengi huona haya kuipeleka, kana kwamba wamepoteza mafuta ya gari bure. Ipeleke. Alama zikionekana Oktoba, swali la kwanza litakuwa kama zilikuwapo Mei.