Jumba la Maonyesho Katikati ya Arusha: Linavyoweza Kuufufua Mji, na Linavyoweza Kuunyima Uhai

Maonyesho makubwa ya Arusha hufanyika pembezoni. Nanenane iko Themi, Njiro. Karibu-KiliFair, maonyesho ya utalii, yanapofanyika Arusha huwekwa viwanja vya Magereza, Kisongo. Mgeni hutoka hotelini asubuhi kwa gari, hushinda uwanjani, hula hukohuko, hurudi jioni amechoka. Mwenye duka la Barabara ya Sokoine humwona akipita kwenye kioo cha basi.

Kwa hiyo wazo la kujenga jumba kubwa la maonyesho ndani ya mji lina maana, na si geni. AICC, Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, ilijengwa miaka ya 1970 kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, majengo yale yakageuzwa kituo cha mikutano. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilipoweka makao humo, kuanzia 1995 hadi 2015, mamia ya watumishi wake walipanga nyumba na kufanya manunuzi mjini. Lakini mkutano ni watu na makaratasi. Maonyesho ni watu pamoja na mizigo, mbao, mabango, umeme na chakula cha mamia ya wauzaji, na hapo ndipo mafundi wa mji wanapopata kazi.

Tufanye hesabu. Kibanda cha kawaida ni mita 3 kwa 3, yaani mita za mraba 9. Katika ukumbi wa mita za mraba 10,000, takriban nusu ya sakafu huchukuliwa na njia za kupita, milango ya dharura na sehemu za huduma. Zinazobaki 5,000 hutosha vibanda kama 550. Kila kibanda kikiwa na wahudumu wawili, ni watu 1,100 wanaohitaji kitanda na kifungua kinywa kabla hata mtazamaji wa kwanza hajakata tiketi. Kabla yao wametangulia maseremala, mafundi umeme, wachapaji wa mabango, wapakiaji na walinzi. Maonyesho ya siku 3 huhitaji siku 3 za kufunga mabanda na siku moja au mbili za kuyabomoa. Ukumbi hushikwa wiki nzima na zaidi.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoangusha majumba mengi. Maonyesho 20 kwa mwaka, kila moja likichukua siku 8, ni siku 160. Siku 205 jumba limefungwa, taa zimezimwa, na mtaa unaolizunguka umekufa kuliko ulivyokuwa kabla ya ujenzi. Dawa yake huanzia kwenye michoro: ukumbi ugawanyike kwa kuta za kusogezwa, ili upande mmoja ukifungwa mabanda upande wa pili uwe na watazamaji, na sehemu ndogo zikodishwe kwa harusi, mitihani na minada. Kumbi tatu zinazojaa ni bora kuliko ukumbi mmoja wa fahari unaojaa mara mbili kwa mwaka.

Kuna jambo jingine ambalo kwa Arusha lina uzito wa pekee, nalo ni masika. Kuanzia Machi hadi Mei watalii hupungua, hoteli hushusha bei na baadhi ya kambi za mbugani hufungwa. Uwanja wa wazi hauwezi kufanya kazi miezi hiyo, matope hayaruhusu. Jumba lenye paa linaweza. Kalenda ikipangwa kwa makusudi, maonyesho ya vifaa vya ujenzi, zana za hospitali, vyuo na samani yakawekwa Aprili na Mei, wahudumu wa hoteli ambao hurudishwa nyumbani kila masika watabaki kazini. Kuongeza tukio jingine Julai, vitanda vikiwa tayari vimejaa, kunausaidia mji kidogo mno.

Sasa mahali na milango. Mtu mzima hutembea mita 400 kwa dakika 5 hivi, na mgeni mwenye mapumziko ya saa moja hatakwenda mbali sana na hapo kutafuta chakula. Kutoka AICC mtu akipita Boma la Wajerumani na kushuka Barabara ya Boma, anafika Mnara wa Saa. Njia kama hiyo ikiwa na kivuli, taa, mahali salama pa kuvuka na upana wa watu wanne kupishana, inageuka duka refu. Ikikatwa na ukuta, maegesho na geti la mlinzi, mgeni ataita teksi.

Birmingham, Uingereza, ilijaribu njia zote mbili. Mwaka 1976 ilifungua kituo kikubwa cha maonyesho nje ya mji, karibu na uwanja wa ndege. Mwaka 1991 ikafungua kituo cha mikutano katikati ya mji, na ndani yake ikaachwa njia ya umma inayounganisha uwanja wa wazi upande mmoja na mfereji wa maji upande wa pili. Raia asiye na tiketi hupita humo akienda zake. Philadelphia, Marekani, kituo kilichofunguliwa 1993 kiliwekwa ubavuni mwa soko la chakula lililokuwepo tangu 1893, na soko halikuvunjwa. Hadi leo wajumbe hushuka kula pale. Chicago ina kituo kikubwa kuliko vyote Amerika Kaskazini, lakini kimetengwa na mji kwa barabara pana na reli, na wageni wengi husafirishwa kwa mabasi kati ya hoteli na milango yake.

Funzo la Philadelphia linafaa kukumbukwa tunapoutazama mji wetu: Soko Kuu, mama lishe na machinga wasiwe wa kwanza kuhamishwa ili kusafisha mandhari. Wao ndio chakula cha mchana cha maseremala wale, na chakula cha kwanza cha Kitanzania atakachoonja mgeni. Wapewe maji, choo, mahali pa kutupa taka na meza kwenye uso wa jumba unaotazama barabara.

Mizigo nayo ina adabu yake. Semi-trela pamoja na kichwa chake ina urefu wa karibu mita 17, na malori 40 yakifika asubuhi moja, Sokoine haipitiki. Malori yasubiri nje, jirani na barabara ya mchepuko, na kila moja liitwe kwa saa yake. Lango la mizigo liwe nyuma, lenye kimo kisichopungua mita 4.5, na lori liingie na kutoka bila kurudi kinyumenyume barabarani.

Na mvua. Paa la mita za mraba 10,000 likipata milimita 50 kwa saa moja humwaga lita 500,000. Arusha imepitiwa na mito ya Themi, Naura na Goliondoi, na mtaro wa zamani hauwezi kupokea mzigo huo kwa mkupuo. Yanahitajika matangi ya chini ya ardhi yanayoachia maji polepole. Sehemu ya maji hayo itafaa vyooni na bustanini.

Michoro ya jengo la namna hii ikibandikwa kwa maoni ya wananchi, tafuta kwanza ghorofa ya chini. Hesabu milango inayofunguka mtaani, kisha pima urefu wa ukuta usio na dirisha wala duka. Ukizidi mita 30 mfululizo upande wa waenda kwa miguu, andika pingamizi, na utaje mtaa kwa jina.