Floraidi haiondoki kwa kuchemsha

Mimi nafundisha kemia ya inoganiki, yaani ya madini na chumvi, chuoni na kila mwaka lekcha ya kwanza naanza na meno. Huku kwetu Arusha, hasa kuzunguka Mlima Meru, darasani hakosekani mwanafunzi anayecheka huku kaziba mdomo na mkono maana meno yake ni ya kahawia, na wengi wamekua wakisemwa kwamba hawapigi mswaki. Inaniuma sana. Ule sio uchafu jamani, ni floraidi, madini yanayoyeyuka kwenye maji, iliingia mwilini kwa kunywa maji hayo wakati meno yanajengeka bado yako ndani ya fizi, kabla mtoto hajafika miaka 8 hivi, na yakishaota hivyo hakuna mswaki wala dawa ya mswaki itakayoyarudisha.

Inatoka kwenye miamba ya volkano. Maji yetu yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na kalsiamu ndio ingeikamata floraidi ikatulia chini, sasa kwa kuwa ni kidogo floraidi inabaki imeyeyuka humo humo, huioni, huinusi, maji meupe pee. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Tanzania tulikaa miaka mingi na kiwango cha 4.

Alafu kuna hili la kuchemsha. Chemsheni, vijidudu vinakufa, ila floraidi sio kijidudu, sufuria ikichemka maji yanapungua kwa mvuke na floraidi yote inabaki, kwa hiyo ndo inazidi kuwa kali. Na magadi ya kulainishia maharage, mengine nayo yamebeba floraidi nyingi tu.

Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi, na wanachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Hapa ndipo inoganiki inaponoga, maana mfupa ni kalsiamu na fosfeti, na ndani yake kuna siti, yaani nafasi, zinazokaliwa na chembe za haidroksaidi, sasa floraidi ina chaji ile ile na umbo karibu sawa kabisa, haidroksaidi ikishuka tu floraidi inakaa, kama daladala. Ndio maana hata mwilini inakimbilia mifupa.

Kwenye praktiko namwaga mkaa kwenye sinia wauchambue. Wa kahawia haujaiva, una mafuta, utatia maji harufu. Mweusi au wa kijivu ndio wenyewe. Mweupe umeungua kupita kiasi, vitundu vimeziba. Kuna kijana alijaza filta na ule mweupe akijua ndio msafi, tukapima maji yaliyotoka kwa elektrodi, kile kipimo cha floraidi, namba haikushuka karibu chochote, alikaa kimya akiiangalia muda mrefu na toka siku ile hajakosea tena.

Hata mkaa mzuri siti zinajaa, na zikijaa ladha ya maji haibadiliki, kwa hiyo lazima kupima. Chukua sampo kwenye chupa safi ya plastiki upeleke maabara ya ubora wa maji ya mkoa. Na kama una simtanki hata ndogo, kinga mvua, bati likishasafishwa na mvua za kwanza, maji ya mvua karibu hayana floraidi, hayo yawe ya watoto kunywa na kupikiwa uji, nguo fueni na ya bomba.