Gemu za Zamani na Haki ya Kusikilizwa

Katika vibanda vya gemu vya Kirumba, Mabatini na Igoma, ugomvi mwingi wa watoto huanza na kauli moja: "Mashine imenionea." Sisi tunaotoa elimu ya sheria kwa wananchi mkoani Mwanza tunaomba wazazi wasiipuuze kauli hiyo, kwa sababu mtoto anayeitoa tayari ana wazo la haki kichwani mwake, na gemu za zamani, zile zilizochezwa kwa kutumbukiza sarafu, zinafaa sana kumsaidia kulielewa.

Tuanze na Pac-Man, iliyobuniwa nchini Japani na Toru Iwatani wa kampuni ya Namco na kutolewa mwaka 1980. Mchezaji hula vidoti katika vichochoro huku akiwindwa na mizuka minne, na kila mzuka una kanuni yake: mwekundu humfuata moja kwa moja, wa waridi hulenga mahali palipo mbele yake ili kumkatia njia, na wa rangi ya chungwa humfuata akiwa mbali, lakini akimkaribia hugeuka na kwenda zake. Kanuni hizo hazimjali mchezaji kuwa ni mtoto wa mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni au wa tajiri wa Capri Point. Isitoshe, anayeshindwa leo anaweza kuzisoma na kesho akafanya vizuri zaidi, kwa kuwa hazibadilishwi ili kumkomoa. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inatamka kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria, na inakataza mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa alipokitenda.

Hata hivyo, mashine hiyo hiyo ina upungufu ambao kwa maoni yangu unafundisha zaidi. Hesabu ya hatua za Pac-Man imewekewa nafasi isiyozidi 255. Mchezaji akifika hatua ya 256, nusu ya kulia ya skrini hujaa herufi na alama zisizoeleweka, na vidoti vinavyohitajika ili amalize hatua hiyo havitoshi. Mtu aliyecheza bila kosa tangu mwanzo anakwama hapo kwa kasoro ya waliotengeneza mchezo, wala hana pa kulalamika. Kwa sababu sheria nayo hutungwa na binadamu na huweza kuwa na kasoro, ibara ya 13(6)(a) inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Mwenye kibanda anayemfukuza mtoto kwa tuhuma za kuvunja pedi, bila kumuuliza yeye wala waliokuwa wameketi naye, amemnyima haki ambayo mashine haiwezi kuitoa lakini yeye anaweza.

Kusikilizwa kuliwahi kubadilisha hata sheria inayohusu mashine zenyewe. Mwaka 1942, chini ya Meya Fiorello La Guardia, Jiji la New York lilipiga marufuku pinball, mashine ambayo ndani yake mpira wa chuma hurushwa kwa springi, kwa hoja kwamba ni kamari. Mwaka 1976 Roger Sharpe aliicheza mbele ya madiwani wa jiji hilo, akataja njia ambayo mpira ungepita kabla ya kuurusha, nao ukapita hapo hapo. Marufuku hiyo iliondolewa, kwa kuwa ushahidi ulionyesha kwamba ustadi una nafasi katika mchezo huo.

Kipimo hicho cha ustadi na bahati kinatuhusu moja kwa moja, maana katika baadhi ya mitaa yetu mashine za dubwi, yaani mashine za kamari, zimewekwa jirani kabisa na vibanda vya gemu, na mtoto huona zote ni gemu. Kwenye dubwi, mazoezi hayamsaidii mchezaji kwa lolote, na mashine imepangwa ili mwenye nayo abaki na faida. Sheria hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha. Mzazi anayeona watoto wakiachwa kuicheza atoe taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa, afisa ustawi wa jamii wa kata au Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga simu namba 116 bila malipo.